Njia ya Kisimani Niliyoiziba

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyoziba njia ya kisimani na kujiona nimefanya jambo la akili. Ilikuwa zamani za Mwingereza, huku kwetu karibu na Misigiri. Nilikuwa nimeoa mwaka huohuo, na kichwa changu kilikuwa kigumu.

Kabla ya hapo nilifanya kibarua kwa Mzungu mmoja mpima ardhi, kazi ya kuvuta mnyororo wa kupimia na kusimika mawe ya mpaka wa msitu wa serikali. Mawe yaliposimama, akina mama waliozoea kuokota kuni mle wakafukuzwa. Wenzangu walisikitika. Mimi, sikufichi, nilivutiwa. Kumbe mtu anaweza kusema hapa ni pangu, na watu wakatii!

Sasa shamba langu la mtama lilikatwa katikati na njia ya kwenda kisimani. Baba yangu alipolima pale, na babu kabla yake, waliacha upana wa watu wawili bila kupanda, wala hakuna aliyewalazimisha. Tukishavuna, ng'ombe wa yeyote waliingia kula mabua. Ndivyo tulivyoishi. Mimi nikaona mtama wangu unapotea bure. Nikaziba huku na huku kwa miiba, nikapanda na minyaa, ile miti ya ua yenye utomvu mweupe mkali, nikawaambia wanawake wazunguke nyuma ya kilima.

Nilitegemea ugomvi, na maneno nilikuwa nayo tayari. Haukuja. Mzee Gunda, jirani yetu aliyekuwa rika la baba yangu, alikuja akatazama, akaniuliza kama nimemaliza, akaenda zake. Wanawake wakazunguka. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ile, na sasa ikawa kimya kutwa nzima. Mke wangu aliniambia mara moja tu kwamba anakosa salamu za asubuhi. Nikamcheka.

Mwaka uliofuata nilipeleka dume la ng'ombe mnadani Kiomboi. Mke wangu alikuwa mjamzito, na tulidhani siku zake bado. Uchungu ukamshika asubuhi ileile, na mtoto akatanguliza miguu. Aliita mpaka sauti ikamwisha. Saa hiyo ndiyo wanawake walikuwa wakienda kisimani, na wakunga wawili miongoni mwao, huko nyuma ya kilima. Niliporudi jioni nilimkuta mke wangu hai. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Tulipomaliza kuzika nilimfuata Mzee Gunda, nikamwambia kwa hasira kwamba majirani wametutupa. Hakupandisha sauti.

"Hatukuwatupa, kijana. Ulituambia tusipite, tukakutii."

Niliondoka pale, nikarudi moja kwa moja shambani.

Siku ileile nilishika panga, nikaanza kuukata ua ule. Utomvu wa minyaa uliniingia machoni, nikalala ndani siku tatu sioni vizuri. Majirani wakamalizia kung'oa bila kuombwa. Siku ya nne nilisikia mwanamke akimsalimu mke wangu mlangoni, akiwa na mtungi wake, na mke wangu akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilibaki kitandani. Niliona aibu kutoka.

Leo ninyi mna karatasi za mashamba na seng'enge za dukani. Sikukatazi kujua mpaka wako, mwanangu, maana asiyeujua ataonewa. Lakini kabla hujachimba shimo la nguzo ya kwanza, kaa pale kutwa moja. Tazama nani anapita, anakwenda wapi na amebeba nini. Wapitao uwaachie njia yao, hata ikikugharimu mtama. Na wakikubali upesi mno kuzunguka, usifurahi, wafuate ukawarudishe.

Mungu akupe shamba lenye rutuba, na asikunyime watu wa kukatiza ndani yake.