Ng'ombe Watatu wa Nasike

Nikikueleza kisa hiki utasema Wepukhulu ameanza tena, lakini mimi nimeshazoea kutoaminiwa. Niliacha shule darasa la saba, walimu walipoishiwa na vya kunifundisha, na bado mimi ndiye niliyefundisha mtu Java. Java si majani ya chai; ni lugha ya kuiambia kompyuta kazi ya kufanya. Mwanafunzi wangu ni Nasike, mtoto wa dada yangu. Naandika haya nikiwa kwake Bungoma, naye anapitapita nyuma ya kiti changu, maana huyo kukaa hajui.

Mwaka wa 2004 alikuwa akisoma kompyuta Kitale na kulala kwetu, nje kidogo ya mji, nilikokuwa nikifyatua matofali. Baba yake alikuwa amemwambia wazi: ukianguka mtihani wa Ijumaa, unarudi Malakisi kufunga tumbaku. Akifikiria zile fito za majani, mikono ilimwasha. Chakula hakimalizi. Nywele alisuka nusu, akaacha. Anasimama mlangoni, anarudi, anasimama tena.

"Si ukae bana, unanichosha shingo," nikamwambia.

"Khocha, niache," akasema, maana ndivyo sisi humwita mjomba. "Ng'ombe wangu wamekataa."

Mwalimu Gicheru wa chuoni aliwataka wanafunzi waandike programu ya ng'ombe watatu, kila mmoja na jina lake na maziwa yake. Kwanza unaandika klasi, yaani ng'ombe ni kitu cha namna gani. Halafu kutoka hapo unatoa ng'ombe mmoja mmoja. Nasike akatoa Sukari, Mawingu, na wa mwisho, kwa utundu aliorithi kwangu, akampa jina la jirani yetu Waruguru. Kwenye kioo cha kompyuta wakatokea Waruguru, Waruguru na Waruguru.

"Ukambi huo, umeambukiza wote," nikasema. "Waruguru mmoja tu ametushinda, wewe unaongeza wawili."

Hakucheka. Alikuwa ameshasoma programu yake mpaka anaiota, na kosa halionekani.

Alhamisi jioni akatoka nje, akaanza kuzunguka matofali yangu yaliyokuwa yakikauka. Mimi huchonga jina langu ndani ya kalibu, lile sanduku la mbao tunalojazia udongo, ili Trans-Nzoia yote ijue fundi ni nani. Kila tofali hutoka limeandikwa WEPUKHULU. Nasike akainama akaangalia moja, akaangalia jingine, akaenda mpaka mwisho wa safu. Kisha akatulia. Hata mguu haukutikisika.

"Jina nimeliweka kwa kalibu," akasema. "Sikuliweka kwa ng'ombe."

Kumbe kuna neno, static, alilokuwa amelibandika mbele ya jina. Neno hilo hulifanya jina kuwa moja la klasi nzima. Ukimpa ng'ombe wa mwisho jina, umewabadilisha wote. Liondoe, na kila ng'ombe anabaki na lake. Sasa niambie, kalibu ilikuwa ya nani?

Ijumaa nikavaa suti, nikamsindikiza hadi chuoni. Sukari akatokea kwenye kioo, Mawingu akatokea, Waruguru akatokea mara moja tu. Gicheru akauliza ni nani amemfundisha. Nasike akanyoosha kidole dirishani, nilikosimama, na yule mwalimu akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, chuo hiki kimekuwa kikikutafuta tangu—"

"Khocha," Nasike ananikatiza, akisoma nyuma ya kiti changu, "siku hiyo ulikuwa unachoma matofali. Gicheru aliniambia nimepita, nikatoka mbio kumpigia baba simu. Andika hivyo."