Ndege ya Bruda na Mikono ya Mama

Rangi ya maji haipendi mafuta. Ukiipulizia juu ya plastiki iliyoguswa na mkono wenye mafuta, inarudi nyuma, inajikusanya vitone vitone kama umande juu ya jani la mgomba, na kuacha mahali patupu. Wajukuu zangu hapa Kibeta huniuliza nilijifunza wapi jambo kama hilo, mimi niliyefundisha hesabu na dini maisha yangu yote. Nawajibu kwamba ni Muleba, katika karakana ya misheni, miaka ya mwanzo ya ujamaa, kwa Bruda mmoja, mtawa aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao.

Bruda alikuwa Mjerumani. Alikuja kwetu kabla ya Uhuru, akafundisha useremala, akajifunza Kihaya mpaka akaweza kutania watu sokoni. Shule yetu ilipochukuliwa na serikali, karakana nayo ilikuwa inakabidhiwa, na hilo hakulilalamikia. Alisema nyumba ni ya wenye nyumba. Kilichomwondoa ni mikono yake. Ilianza kutetemeka alipokuwa ameshika kikombe, baadaye ikawa inatetemeka hata alipoikunja kusali. Wakubwa wake wakamwita nyumbani.

Huko nyumbani mama yake alikuwa bado hai, mzee sana. Bruda alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kiume, aliyekuwa rubani wakati wa vita kuu ya pili, akaruka asubuhi moja asirudi. Hapakuwa na kaburi. Dada yao alimtumia Bruda boksi lenye vipande vya plastiki vya ndege kama ile ya mdogo wao, ndogo kiasi cha kulala juu ya viganja viwili, pamoja na vichupa vya rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji lakini ikishakauka maji hayaiwezi tena. Bruda alimwandikia mama yake kwamba atamletea ndege hiyo ikiwa imekamilika. Vipande alifanikiwa kuviunganisha kwa gundi. Ilipofika zamu ya rangi, mikono ikamkatalia.

"Wewe ndiye unayeandika herufi kanisani," aliniambia. "Mkono wako umetulia. Nisaidie kabla ya meli."

Meli ya kwenda Mwanza ilikuwa inaondoka Bukoba Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Brashi ya kawaida isingefaa. Kwenye kitu kidogo namna ile mistari ya brashi ingeonekana kama matuta ya mihogo. Tena mama yake alikumbuka vizuri siku mwanawe alipopita juu ya nyumba yao: juu kijani cha aina mbili, chini kijivu, na mahali rangi zilipokutana hapakuwa na mpaka, zilififia moja ndani ya nyingine kama ukungu. Ilibidi tutumie kipulizio cha Bruda, kifaa chenye umbo la kalamu nene na kikombe kidogo cha rangi juu yake, ambacho yeye alikitumia kurudishia rangi kwenye nyuso za sanamu za watakatifu. Hewa yake ilitoka kwenye tyubu ya gurudumu la lori iliyojazwa kwa pampu ya baiskeli. Presha ikipungua, mtu mzito anakaa juu ya tyubu.

Mtu huyo alikuwa fundi seremala wa karakana, Mlutheri, mnene na mcheshi. Bruda alimwita Kompresa, yaani mashine ya kusukuma hewa.

"Mwalimu, nikae?" fundi aliuliza siku ya kwanza.

"Kaa, lakini usicheke. Ukicheka rangi inaruka."

"Nisicheke vipi? Mlutheri anatoa pumzi, Mkatoliki anapaka, halafu sifa zinakwenda Roma!"

"Kompresa," Bruda akasema bila kugeuka, "hewa kidogo, maneno kidogo zaidi."

Wiki nzima nilijifunza kwenye karatasi na vipande vya kopo la plastiki. Rangi inazimuliwa mpaka iteleze kama maziwa, inachujwa kwa kitambaa, kwa sababu punje moja tu inaziba tundu la mbele. Mkono unaanza kutembea kabla hujafungua rangi, na unaifunga baada ya kupita ukingo, si kabla. Ukisogea karibu mno, rangi inakimbia na kuota miguu kama buibui. Ukikaa mbali mno, inakauka hewani na kutua kama vumbi. Zaidi ya yote, tabaka liwe jepesi sana, mpaka uone kama hujapaka kitu. Halafu unasubiri.

Kusubiri ndiko kulikonishinda mwanzoni. Nilikuwa kijana, na nilizoea kuona herufi ikitokea palepale. Bruda akatoa rozari. Kati ya tabaka na tabaka tulisali fungu moja, Salamu Maria kumi, na fundi alikaa juu ya tyubu yake akitazama dari.

"Sisi tungetumia saa," alisema.

"Saa inakuambia muda umekwisha," Bruda akamjibu. "Haikufundishi kukaa."

Jumapili, siku moja kabla ya kuanza kupaka ndege yenyewe, karakana ilifungwa ili vifaa vihesabiwe. Bruda alinipa ndege ndani ya boksi niende nayo nyumbani, na jioni akaja mwenyewe kumuaga mama yangu.

Mama alikuwa mbele ya jiko akimenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa ajili ya mgeni huyo huyo. Aliweka kisu, akapangusa mikono kwa jani, akamletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ndani ya kikapu kidogo. Wakaulizana habari kama watu waliofahamiana miaka mingi. Kisha mama akauliza boksi lina nini, na Bruda akalifungua.

"Hii ndiyo ndege ya mdogo wako?"

"Mfano wake, waitu," Bruda akajibu, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Ndani walikaa wangapi?"

"Mmoja tu."

"Peke yake kabisa? Hata wa kuzungumza naye hana?"

"Peke yake, Mama."

Mama akaitazama ile ndege. Yeye naye alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyechukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa mpaka Burma. Habari ya kifo chake ilikuja kwa mdomo. Haukuja hata mkanda wake. Vijana wale wawili walikuwa pande mbili za vita moja, na Bruda alilijua hilo, kwa kuwa mama alikwisha kumsimulia miaka ya nyuma. Hawakulizungumzia tena siku ile.

"Wa kwangu walau alikwenda na wenzake wengi," alisema mama.

Akanyoosha mikono. Bruda akampa ndege. Aliipokea kama mtu anavyopokea kifaranga, akaigeuza, akapitisha kidole gumba tumboni, kwenye mabawa, kwenye mkia.

"Ni nyepesi," alisema. "Nyepesi mno."

Jumatatu tulianza na kijivu. Tabaka la kwanza liliposhuka, rangi ilikaa vizuri kwenye pua ya ndege, lakini tumboni ikaanza kurudi nyuma mbele ya macho yetu. Nikadhani nimeizimua mno. Nikaongeza rangi, nikapuliza tena, ikawa mbaya zaidi. Chini ya mabawa ikajaa madoa matupu.

"Maji umechota wapi?" Bruda akauliza.

"Ya mvua, Bruda, kama siku zote."

"Basi rangi imeharibika safarini."

"Labda ni pumzi ya Kilutheri," fundi akasema. Hakuna aliyecheka, akainuka juu ya tyubu polepole, hewa ikatoka kwa mlio mrefu.

Bruda alikaa kwenye benchi. Sikuwahi kumwona amekata tamaa, hata siku alipokabidhi funguo za karakana. "Nilimwahidi," alisema. "Hana muda wa kusubiri ndege nyingine, na mimi sina mkono wa kuitengeneza. Funga, Mwalimu. Nitakwenda hivi hivi."

Sikufunga. Niliipeleka ndege dirishani. Madoa hayakutawanyika ovyo. Tumboni lilikuwepo moja kubwa lililoburutwa, na upande wa pili manne yamejipanga kwa mstari. Niliyatazama mpaka nikaweka mkono wangu hewani karibu nayo, nikaona yanakaa kama vidole, ila vidole vyembamba kuliko vyangu.

Nilikwenda nyumbani mchana huo. Mama alikuwa amekaa mahali pake. Alichovya vidole kwenye kikopo cha mafuta, akajipaka viganjani na kwenye kisu, kisha akachukua ndizi. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu nijitambue. Kila nyumba kwetu hufanya hivyo ili utomvu usigande mikononi, na kwa kuwa ni jambo la kila siku, sikuwahi kulitia maanani.

"Umesimama mlangoni kama mdai kodi. Kuna nini?"

"Mama, jana ulikuwa umepaka mafuta?"

"Lini nimemenya bila mafuta? Unataka vidole vyangu vigandane?"

Nikamweleza. Aliweka kisu chini.

"Nimeiharibu."

"Haijaharibika, Mama. Nadhani inaosheka."

"Mama wa watu anasubiri mwanawe, mimi nimeiharibu." Chakula alikipika, akatupakulia, yeye hakula.

Nilirudi karakana nikiwa na hofu. Hasira ya Bruda nisingeiogopa. Niliogopa kwamba angetoka kwetu na kumbukumbu mbaya ya nyumba yetu. Nilimwambia ni mafuta ya kumenyea ndizi, ni mikono ya mama. Aliichukua ndege, akaigeuza kwenye mwanga.

"Alipitisha kidole hapa," alisema, akionyesha tumbo. "Ndiyo. Nakumbuka."

Akakaa nayo kidogo. Kisha akaomba maji ya uvuguvugu na sabuni. Rangi ilikuwa bado changa, ikakubali kutoka. Nilidhani atasema tuache alama moja mahali pasipoonekana. Mimi ningefanya hivyo, kwa ujana wangu. Hakusema. Alitaka ndege ya mama yake iwe nzima. Alisugua mwenyewe kwa mswaki wa zamani, na kwa kazi ile mtetemeko wa mkono haukumzuia, ulimsaidia, mpaka plastiki ikalia chini ya kidole.

Tuliichomeka kwenye kijiti cha mwanzi, na tangu hapo hakuna aliyeigusa kwa kidole kitupu. Tukaanza upya. Safari hii kijivu kilishika tangu tone la kwanza, na fundi akapiga makofi akiwa amekaa, tabaka likaruka kidogo, Bruda akamtishia kwa mswaki. Kesho yake mvua ikaja na kukaa. Hewa ilikuwa na maji tele, rangi ikakataa kukauka. Fungu moja la rozari halikutosha, tukasali mawili, halafu rozari nzima.

"Mkiendelea hivi," fundi alisema Jumatano, "mke wangu atanisikia usingizini nasema Salamu Maria, na mchungaji ataitwa."

Alhamisi nilipitisha kijani cha mwisho, kile cheusi zaidi, kwa hewa ndogo sana, mkono ukitembea pembeni ya kile cha kwanza. Mpaka ukafifia. Bruda aliitazama ndege akiwa ameweka mikono nyuma, kama anaogopa kuipumulia.

"Ndivyo alivyopita juu ya nyumba yetu," alisema. Akaenda kanisani, asirudi mpaka giza.

Ijumaa asubuhi gari la misheni lilisimama mbele ya karakana kumpeleka bandarini. Mama alikuja na mkungu wa ndizi kwa ajili ya safari, akamkabidhi dereva, kisha akasimama mbali. Mikono ameificha ndani ya khanga. Nilijua ameinawa kwa sabuni na majivu tangu alfajiri, kwa sababu nilimsikia.

Bruda alitoka na boksi. Akalifungua juu ya boneti.

"Njoo, Mama."

"Naiona kutoka hapa. Ni nzuri."

"Njoo uishike."

"Hapana, mwanangu. Nimeshika mara moja, imetosha."

Bruda akaichukua ndege, akamfuata. Mikono yake ilikuwa inatetemeka sana asubuhi ile, na nadhani mama alitoa ya kwake kwenye khanga kwa hofu kwamba ndege ingeanguka. Akaipokea.

"Imekauka," Bruda akamwambia. "Sasa hakuna kitakachoitoa."

Mama hakuigeuza safari hii. Aliishika tu, viganja wazi. Kisha akasema, "Mwambie mama yako kwamba huku kwetu kuna mtu aliyeishika. Mwambie mtu huyo naye ana wake asiyerudi."

"Nitamwambia."

Akamrudishia. Gari likaondoka, fundi akipunga kofia, mama akiwa bado ameacha mikono mbele yake kama alivyokuwa.

Sijui kama alimkuta mama yake hai. Namshukuru Mungu kwa wiki ile, na kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, huwataja wote wanne katika sala zangu, mama wawili na vijana wawili. Majina ya wale wa upande wa pili siyajui, kwa hiyo mahali pa majina yao nasali fungu moja la rozari, nasubiri kidogo, kisha naendelea.