Pitchou na Mlango wa Nyuma

Siku Pitchou alipokuja kupanga chumba kwangu hapa Bertrams, kwenye mji huu wa dhahabu kusini mwa Afrika, hakuuliza kodi wala bafu. Aliuliza, "Mama Mayasa, mulango ya nyuma iko wapi?" Nikadhani mwizi. Kumbe mtu wa Goma, ameikimbia volkano mara mbili. Mara ya kwanza alibeba godoro. Akalala vizuri siku tatu, na njaa yake. Mara ya pili alibeba sufuria ya maharage. Akili anayo, ila inachelewa kufika.

Miaka minne amelinda magari ya watu barabarani na fulana yake ya manjano. Kisha Cyrus, Mkenya mwenye ofisi ya utalii mtaa wa Braamfontein, akaamua kupeleka watu Tanzania kutazama Ol Doinyo Lengai, mlima wa kwetu unaotema moto hadi leo. Akataka msindikizaji, akasema mtu wa Goma ndiye anayezijua volkano. Ni kama kusema aliyeng'atwa na mbwa awe daktari wa mifugo. Lakini wateja wakimkubali, kazi ni yake, fulana anaitupa.

Jumamosi wakaja ofisini kwa Cyrus, Wakenya kumi wa benki, kiongozi wao Mwende. Mimi nilipeleka sambusa.

"Kaka, usiwatishe," Cyrus alimwonya. "Sema ni salama. Tabasamu."

Pitchou akatabasamu kama anayeng'olewa jino. "Volkano iko muzuri. Iko salama ka—"

Ardhi ikatikisika. Hapa ni kawaida. Mji umechimbwa dhahabu mpaka chini umebaki kama muhogo ulioliwa na panya. Sisi hushika vikombe tu. Pitchou alishika sinia la sambusa zangu.

"Tokeni! Tokeni bote!"

Alituhesabu mlangoni kama kuku, tukajikuta nje kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, tunahema.

"Kumi, na Mama Mayasa. Patron iko wapi?" Akarudi ndani, akamtoa Cyrus chini ya meza.

"Umeniua, Pitchou!" Cyrus akafoka. "Nani atasafiri na mwoga kama wewe?"

"Sisi," alisema Mwende, mdomo umejaa sambusa. "Wewe ungetuacha huko juu. Huyu anajua kuondoka, tena na chakula."

Jumatatu Pitchou akatia sahihi mkataba. Fulana sasa ni dekio langu. Sinia lilirudi tupu, tusiseme. Na kila asubuhi ananisumbua:

"Mama Mayasa, ule mulima yenu, mulango ya nyuma iko wapi?"