Mama yangu alivyompandisha ng'ombe mlimani kufuata network

Wakuu habari zenu. Hii imenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Nauza simu na chaja sokoni Mwanjelwa. Mama yuko kijijini, kule Iringa, mbele ya Tosamaganga. Nilimnunulia smartphone ili tuwe tunaonana kwa video.

Wapi! Internet inashika mlimani tu, na kila nikimwomba apande, jibu ni moja: "Magoti, mwanangu."

Nikasusa. Tukabaki na simu za kawaida.

Sasa asubuhi moja akapiga analia. Ng'ombe wake aitwaye Sikujua, mwenye mimba, katoka zizini kala majani mabichi ya maharage yenye umande. Tumbo limevimba, anahema kwa shida.

Wanyalukolo, ndugu zangu wa Iringa, mtanielewa. Mama hana kingine zaidi ya huyo ng'ombe, na mimi nimesoma kwa maziwa ya zizi hilohilo.

Bahati nzuri dukani alikuwepo mteja wangu, daktari wa mifugo. Nikampa simu. "Shikamoo mama. Lazima nimuone ng'ombe, nisikuelekeze kwa kubahatisha."

Nikajua watampiga picha, mtu mmoja apande kuituma. Simple tu.

Baada ya muda video call ikaingia. Kupokea, namuona Sikujua mwenyewe yuko mlimani! Mama anavuta kamba, majirani wanasukuma nyuma.

"Mama, unamuua!" nikapiga kelele.

Daktari akacheka. "Muache. Kumtembeza na kumsimamisha kichwa kikiwa juu ni nusu ya tiba." Akaagiza mafuta ya alizeti, wamnyweshe taratibu kwa chupa, wamsugue ubavu wa kushoto. Jirani akakimbia kuyaleta.

Tukasubiri. Hata wateja walisahau kilichowaleta.

Sikujua akabeua. Akabeua tena, kwa nguvu! Vigelegele huko, vigelegele dukani.

Hapo nikakumbuka yale magoti. "Mama, mimi nilikuomba miaka miwili. Ng'ombe kaumwa siku moja tu, umepanda?"

"Kwani wewe ulivimba tumbo?"

Duka zima likacheka. Kisha akachukua simu, akaisogeza hadi nikaona jicho tu.

"Mbona umekonda hivyo, mwanangu?"

Wakuu, nililia mbele ya wateja.

Nilichojifunza: teknolojia kijijini inaokoa kweli, ila minara iwafuate watu, wazee wasiifuate mlimani. Na nilikuwa nimemtumia mama simu ili nisiende mwenyewe. Jumamosi napanda basi la Iringa.

Wewe mama yako anapata network wapi? Na mara ya mwisho alikuona lini?