Dawa za Siku ya Kupimwa

Mradi wa serikali wa utafiti wa moyo ulipoingia Gatuanyaga, mimi nilichaguliwa kuwa mpimaji wa kijiji. Nilipewa mashine ya presha, daftari na fulana. Kila Jumanne nilizunguka maboma nikipima wazee na kuwagawia dawa, na namba zao zikapelekwa Nairobi. Mama yangu alikuwa kwenye orodha. Namba zake zilikuwa nzuri kuliko za wote, nami nilimsifu kila mahali, hata kanisani, nikajigamba kama mimi ndiye niliyemzaa.

Kisha ujumbe ukaja kwenye simu: bajeti mpya haikututengea kitu, turudishe mashine. Nilimpigia msimamizi wetu.

"Hata mimi sina kazi, dada," akasema.

Utafiti ulisimama, kana kwamba presha za watu nazo zingetulia kungoja bajeti nyingine. Nilikasirika, lakini ukimkasirikia karani wa Nairobi kutoka Gatuanyaga anajuaje? Nilimwachia mama dawa za mwisho nikajiambia hizo zitamsukuma kwa muda.

Wiki chache baadaye alianguka akilisha mbuzi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukaenda kando. Hospitalini Thika daktari aliuliza kama mama humeza dawa. Nikamjibu kwa ukali kwamba humeza kila siku, namjua. Niliporudi nyumbani kumchukulia leso, nikazipata dawa chini ya godoro, za mwisho pamoja na za miezi iliyotangulia.

Nilimuuliza. Maneno yalimtoka kwa taabu.

"Maitu," akaniita, yaani mama kwa Kikuyu, maana mimi nimerithi jina la mama yake, "nilikuwa nameza siku ya kupimwa tu. Ili usiaibike kwa wakubwa wako."

Nilijichukia. Miezi yote ile niliandika namba na sikuwahi kuuliza. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu hakukawia.

Juzi nilipita kwenye yale maboma mengine, mikono mitupu, kuwasihi wameze kila siku, wapimwe wasipimwe. Walinikaribisha chai. Mzee mmoja, ambaye presha yake ndiyo iliyokuwa ikinitisha zaidi, aliingia ndani akatoka na mfuko wa dawa umejaa, akaniwekea mapajani nione jinsi alivyoutunza. Nikamweleza upya, polepole, habari ya mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipigapiga bega.

"Usijali, daktari. Nimeziweka vizuri. Mkirudi tu, nitameza."