Nati ya Nyota

Mzungu wa shamba la tumbaku alipotuletea gari lake la mashindano, lenye viti viwili na boneti ndefu, alimwambia kaka yangu kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Nati zote za kiwanda. Moja ikipotea, navunja mkono wako." Mimi nilidhani ni maneno tu. Kaka hakudhani hivyo, maana alikwisha kumwona akimpiga dereva wake mateke ya tumbo pale stesheni.

Karakana yetu ilikuwa kibaraza cha nyumba, mtaa wa Ng'ambo, na mkono wa kulia wa kaka ndio uliotulisha sote: mke wake, mama yetu mgonjwa, na mimi msaidizi wake.

Injini ile ilikuwa imechezewa vibaya. Nati za kubana kifuniko chake zilikuwa mchanganyiko, nyingine za lori, zimelazimishwa kwa nyundo. Tuliziosha moja moja kwa mafuta ya taa tukitafuta alama ya kiwanda, nyota ndogo. Mafundi waliotutangulia walikuwa wameacha chache tu. Zilizopungua tulizitafuta kwa wauza vyuma chakavu na kwa mafundi wa reli, hadi tukasikia kwamba kijiji cha Usinge kuna injini ya gari kama lile, inasaga mahindi. Tulipomwomba mwenye mashine nati zake, alichomoa panga. Nami nikainua spana. Kaka aliingia katikati, akakatwa kidogo begani, kisha akashinda kutwa akimtengenezea mashine yake mbovu. Jioni tuliondoka na nati za nyota, tukamwachia za lori.

Tuliporudi, mama akafa.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Msibani mtani huchukua chochote mnachokipenda, nanyi mnakikomboa kwa kuku. Kumkasirikia ni aibu, na kumfichia vitu ni aibu kubwa zaidi, kwa hiyo kaka hakuficha kitu. Mtani wetu, Mzaramo mshona nguo wa mtaa wa Mtendeni, alisema mama amekufa kwa kuchoka kutupikia, akaokota nati moja ya nyota benchini. "Mkiitaka, leteni jogoo." Akaenda nayo kwake. Nilicheka, siku ile ile ya kumzika mama.

Alasiri mzungu akaja. Hakuuliza watu wamekaa mkekani kwa nini. Alihesabu nati zake.

"Moja iko wapi?"

Kaka angemtaja mtani, askari wangekwenda Mtendeni kukamata mwizi. Mzungu yule utani asingeuelewa.

"Itapatikana kesho, Bwana."

Mzungu alichukua hendeli ya kuwashia gari, akaubana mkono wa kulia wa kaka juu ya benchi, akapiga. Nilisikia mfupa. Akapiga tena. Nilitaka kumuua, nasema wazi, lakini wanaume wa msibani walinikumbatia kwa nguvu hadi nikakosa pumzi.

Wakati huo mtani alikuwa anarudi, mdomo umejaa matusi mapya. Aliona, akanyamaza. Alimpokonya mzungu hendeli, akampiga taya, na meno yakaangukia kwenye mafuta machafu. Akampiga tena, bado kimya, mtu ambaye sikuwahi kumwona kimya.

Askari walimpiga virungu mpaka uso wake sikuutambua. Alifungwa, akachapwa viboko. Mzungu hakuulizwa kitu. Gari lake liliondoka likivutwa na lori, na mahali pa nati iliyopungua tulikuwa tumefunga ya lori.

Mkono wa kaka ulipona umepinda, haukushika spana tena. Nilifanya kazi mimi, yeye akielekeza, na kila gari la viti viwili nililoliona nililichukia.

Mtani alipotoka jela alikuja kibarazani siku ile ile. Alikuwa amepitia kwake. Kaka alipomwona akaanza kulia. Mtani akaweka nati ya nyota juu ya benchi.

"Jogoo wangu yuko wapi, wachoyo nyie?"

Kaka alikwenda uani, akanikataza kumsaidia. Alimkimbiza jogoo muda mrefu, akaanguka, akainuka. Mwishowe alimnasa kwa mkono wa kushoto. Alipofika mbele ya mtani akasimama, akamhamishia kwenye mkono ule uliopinda, akimbana kifuani asimtoroke, maana kitu cha heshima hakitolewi kwa kushoto.