Gogo Lililosogea Upana wa Kidole

Kwa miaka sitini Verlie Sizemore aliwasha kuni katika meko ya ukutani iliyojengwa na baba mkwe wake kwa mawe ya mtoni. Usiku aliyafukia makaa kwa majivu, asubuhi akayafukua yangali hai. Katika mabonde haya ya Kentucky huchokolei moto wa mtu mpaka umemjua miaka saba. Mimi, jirani yake, niliingoja yote saba. Mwaka wa nane alinipa chuma cha kuchokolea.

Kisha dohani ya kutolea moshi ikapasuka, na Verlie, mwenye miaka themanini na moja, akateleza kwenye barafu akibeba kuni, akavunjika mkono. Mwanawe Randall alikuja kutoka Lexington.

"Mama, chagua. Ama moto wa gesi, ama uje kule karibu nami, kwenye nyumba ya wazee."

"Nyumba ya wazee imejaa wazee," alisema Verlie. "Leta hiyo gesi yako."

Fundi Burl aliiziba dohani, akapanga juu ya bomba la gesi magogo ya udongo wa kuchoma, yaliyopakwa rangi yafanane na mti.

"Haya hayataki dohani, Bi Verlie. Moto wake safi. Ila usiyaguse! Kila gogo na mahali pake. Likisogea kidogo tu, moto unalilamba, unatoa masizi."

"Kwa hiyo ni moto wa kutazama tu, kama mkwe."

"Tena mkwe mwepesi wa kukasirika," Burl akacheka.

Verlie alitii. Vuli nzima nilimkuta ameketi mbele ya moto ule, mikono mapajani, mtu aliyenyang'anywa kazi. Chuma alikiacha kimeegemea ukuta. Hakuwa na moyo wa kukitupa.

Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, Randall alikuja. Tulipomaliza bata mzinga na mkate wa mahindi, alikaa kiti cha marehemu baba yake, akaanza kutusimulia bei za nyumba za mjini. Huku akisimulia, mkono wake ukakichukua chuma ukutani, ukalisukuma gogo la mbele mara mbili, kama mtu anavyoamsha moto wa mwaloni. Hakukatiza hata sentensi.

"Baba yake kabisa," Verlie alininong'oneza, uso umemlainika. Hakumkataza. Nami sikumkataza.

Gogo likabaki pale. Verlie hakulirudisha, alikuwa ameahidi kutoligusa.

Krismasi ilipofika, dari ilikuwa nyeusi. Mfarishi wa kujifunika ulioshonwa na mama yake ulikuwa mweusi, na kioo cha picha ya mumewe pia. Macho hafifu ya Verlie yalidhani ni kiza cha majira. Randall alikuja, akapitisha kidole ukutani, akakitazama.

"Umeyachezea magogo, Mama."

"Ni wewe. Siku ile ya bata mzinga."

"Mimi? Mimi sijashika moto tangu niondoke hapa nikiwa na miaka kumi na minane!"

"Randall, hata mimi nilikuona," nikasema.

Alinigusa bega kwa upole, kama mtu anayemshukuru jirani kwa uongo wa huruma. Kweli hakukumbuka. Basi yeye aliyesahau akaamua kwamba mama yake ndiye anayesahau.

Burl alikuja, akalirudisha gogo upana wa kidole kimoja. Masizi yakakoma. Lakini chumba katika nyumba ya wazee ya Lexington kilikuwa kimeshawekewa jina la Verlie.

Siku ya kuondoka, Verlie alikichukua chuma ukutani, akamkabidhi mwanawe.

"Chukua. Wewe ndiye unayekitumia."

Randall alinitazama juu ya kichwa cha mama yake, akatikisa chake kwa huzuni.

"Unaona?" akaniambia.